Kurejea Tungo za Malezi: Faraja na Ubunifu katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumpima mtunzi kwa kipimo cha upya. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: ameongeza nini ambacho watangulizi wake hawakuwa nacho? Swali hilo ni la haki, ila haliwezi kueleza jambo moja linaloonekana wazi katika historia ya ushairi wa lugha hii. Baadhi ya tungo zilizohesabiwa kuwa mpya katika zama zake zilitungwa na watu ambao, kabla ya kutunga, walirudi nyuma. Walipofikwa na msiba, maradhi au kifungo, walizishika tena tungo zilizowalea, na hapo ndipo sauti zao wenyewe zilipofunguka.

Mhadhara huu unayachunguza marejeo hayo kwa kutumia mifano miwili mikubwa: wasia wa Mwana Kupona na warithi wake, na ushairi wa Muyaka bin Haji katika gereza la Abdilatif Abdalla. Hoja yake ni kwamba faraja na ubunifu, ambavyo aghalabu hutenganishwa, vina chemchemi moja. Faraja hutoka katika umbo ambalo sikio na ulimi vimekwisha kulizoea. Ubunifu hutoka katika tofauti baina ya umbo hilo na jambo jipya linalotiwa ndani yake. Vyote viwili vina sharti moja: utungo uwe umekwisha kukaa ndani ya mtu kabla hajauhitaji. Sharti hilo, kama itakavyoonyeshwa mwishoni, leo limo hatarini.

Maana ya tungo za malezi

Kwa istilahi ya tungo za malezi zinakusudiwa tungo ambazo mtu alikutana nazo kabla ya kuwa na uwezo wa kuzichagua. Tungo anazozipenda mtu mzima huchaguliwa na akili, na akili ikibadilika upendo nao hubadilika. Tungo za malezi huingia kwa njia ya sikio, mara nyingi kabla maana yake haijaeleweka. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki mtoto alizisikia chuoni, nyumbani, barazani na katika hafla za dini. Alisikia Maulidi ya Barzanji yakisomwa mwaka hata mwaka; alisikia Hamziya, kasida ya Kiarabu ya al-Busiri ambayo Sayyid Aidarusi wa Pate aliitia Kiswahili; alisikia tenzi za mitume na mashujaa zikighaniwa kwa mahadhi. Maneno mengi yalikuwa magumu, lakini mwendo wake ulikwisha kuwa wake.

Kurejea tungo hizo huchukua sura nne. Ya kwanza ni kughani, yaani kuutoa utungo upya kwa sauti. Ya pili ni kunakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, ni mfano bora wa sura hii. Alikuwa mtunzi, mwanamuziki na mchonga mbao, lakini sehemu kubwa ya urithi wake ni miswada ya kale aliyoinakili kwa hati za Kiarabu, mingine kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mwenye kunakili hulazimika kuupitia kila ubeti kwa mwendo wa kalamu, mwendo ambao msomaji wa kawaida hana subira nao.

Sura ya tatu ni kufasiri. Shaaban Robert alizitia rubai za Omar Khayyam katika Kiswahili, akazitoa 1952. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar 1963, naye tayari ni kiongozi wa taifa. Kisha akairudia tafsiri yake mwenyewe, akairekebisha na kuitoa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiongozi mwenye shughuli nyingi kiasi hicho hana haja ya kufasiri kitabu kimoja mara mbili, isipokuwa kitabu chenyewe kiwe bado kinamdai jambo.

Sura ya nne, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, ni kutunga kwa kufuatisha: mtunzi hulichukua umbo la utungo wa kale, pengine na hali yake ya usemaji, yaani nani anasema na nani, kisha akalitia maneno ya maisha yake.

Umbo kama makao ya kumbukumbu

Haitoshi kusema kwamba tungo za kale hukumbukwa kwa sababu ni nzuri. Zimejengwa ili zikumbukwe. Utenzi, au utendi kama unavyoitwa katika lahaja za kaskazini, una ubeti wa vipande vinne, kila kipande kikiwa na mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, ambacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Kipande cha nne huwa na kina kingine, nacho hakibadiliki tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho, hata beti zikifika mamia.

Mpango huo una kazi mbili. Vina vitatu vinavyobadilika humpa mtunzi uhuru wa kusonga mbele. Kila ubeti ni chumba kipya. Kina cha nne kisichobadilika humrudisha msikilizaji mahali pamoja, mara kwa mara, kama mtu anayetoka na kurudi kwake. Anayeghani akisahau neno, kina humsaidia kulikisia. Akikosea, sikio la wasikilizaji humsahihisha. Kwa hiyo marejeo si jambo ambalo mtu huufanyia utenzi kutoka nje. Yamo ndani ya muundo wake.

Shairi la kawaida nalo lina nguvu kama hiyo kwa njia tofauti. Mishororo yake minne ya mizani kumi na sita hugawanyika katikati, nane kwa nane, na kila nusu ina kina chake. Utungo wa namna hii ni mfupi, hufungika upesi, tena hubebeka. Mtu anaweza kutembea na mashairi ishirini ya Muyaka kichwani bila ya karatasi hata moja. Jambo hili litaonekana kuwa na uzito litakapofikiwa suala la gereza.

Faraja isiyobembeleza

Neno faraja halina budi kufafanuliwa, kwa sababu hudhaniwa kuwa ni maneno matamu ya kumpumbaza mwenye uchungu. Tungo ambazo Waswahili walizirejea wakati wa dhiki kwa kawaida si tamu kwa maana hiyo. Utendi wa Ayubu unasimulia mja aliyeondokewa na mali, watoto na siha. Msikilizaji aliye mgonjwa hasikii humo kwamba ugonjwa wake ni mdogo. Anasikia kwamba dhiki inaweza kuhesabiwa, ikapangwa katika beti, ikasimuliwa hadi mwisho wake. Utendi hauondoi maumivu, bali huyapa mpaka.

Al-Inkishafi ni mkali zaidi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliutunga Pate, mji uliokuwa umeanguka kutoka katika utajiri wake. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa, samani na vyombo vya thamani, kisha anauonyesha majumba hayohayo yakiwa makao ya ndege, popo na wadudu. Anauliza wako wapi waliokuwa wakikaa humo. Utungo wa namna hii ungetarajiwa kuwakimbiza watu, lakini umefanya kinyume. Hichens aliuhariri 1939, James de Vere Allen akautoa tena 1977, na M. M. Mulokozi akauweka katika Tenzi Tatu za Kale 1999, pamoja na utenzi wa Fumo Liyongo na ule wa Mwana Kupona. Kila kizazi cha wasomi kimejiona kina sababu ya kuusoma upya.

Sababu moja ni kwamba mtunzi hamhubirii msomaji kutoka juu. Moyo unaosutwa ni wake. Msomaji aliyepatwa na hasara huruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya mtu mwingine na moyo wake, na katika kusikiliza huko hujikuta anazungumza na wake. Faraja hapa ni kupata mwenza katika ukweli, si kufichwa ukweli.

Wasia wa mama na mikono iliyoupokea

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa sheikh wa Siyu aliyepambana na utawala wa Zanzibar, naye alifariki 1856. Yapata miaka miwili baadaye, Mwana Kupona, ambaye sasa ni mjane na mgonjwa wa muda mrefu, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wenye beti zaidi ya mia moja. Anamwita mwanawe akae karibu na ashike kalamu. Anampa mafunzo ya dini, adabu, ndoa na mwenendo mbele ya watu, akiyapanga katika radhi tano ambazo binti anazihitaji. Kisha utendi unageuka kuwa dua ndefu: kwa watoto, kwa jamaa na kwa afya ya mtunzi mwenyewe.

Wahakiki wamebishana sana juu ya sehemu inayohusu ndoa. Wapo wanaouona utendi kuwa hati ya utiifu wa mwanamke, na wapo wanaouona kuwa werevu wa mwanamke anayemfundisha mwanawe namna ya kuishi salama katika mfumo uliopo. Mjadala huo hauhitaji kumalizwa hapa. Linalohusu mhadhara huu ni hali ya usemaji. Mzazi anajua kwamba hatakuwapo. Mtoto atabaki peke yake. Mzazi anatunga utungo utakaokaa na mtoto mahali pake, naye anauweka katika mizani na vina ili usipotee. Wasia wa Mwana Kupona ni makao aliyomjengea binti yake aweze kurudi humo.

Takriban miaka tisini baadaye makao hayo yaliingiwa na mtu ambaye Mwana Kupona hangeweza kumkisia. Shaaban Robert, mzaliwa wa 1909 wa sehemu za Tanga, karani wa serikali ya kikoloni, alitunga Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tungo hizo zimo katika simulizi ya maisha yake, pamoja na habari za ndoa yake na Amina na kifo cha mke huyo. Wachambuzi wengi wameulinganisha Utenzi wa Hati na utendi wa Mwana Kupona, na ulinganifu hauhitaji kutafutwa kwa taa: umbo ni lilelile, msemaji ni mzazi, msikilizaji ni binti, na nia ni kumwachia mtoto hati ya kumwongoza maishani.

Ulinganifu huo, hata hivyo, huwa na maana kubwa zaidi pale tofauti inapotazamwa. Katika utendi wa Pate anayesema ni mama. Katika utenzi wa Tanga anayesema ni baba, na mama hayupo. Mwanamume aliyefiwa na mke ameketi katika nafasi ambayo desturi ya ushairi ilikuwa imekwisha kuitayarisha kwa mwanamke. Hakulibuni umbo la kuzungumza na binti yake, alilikuta. Umbo hilo lilikuwa limebeba tayari sauti ya mzazi anayeaga, na kwa kulitumia, baba aliweza kumpa mtoto wake kitu chenye harufu ya malezi ya mama. Hapa faraja ya mtunzi na ubunifu wake ni tendo moja. Laiti angetafuta umbo ambalo halijatumiwa na mtu, pengine angepata sifa ya upya, lakini angepoteza sauti hiyo ya pili inayosikika chini ya sauti yake.

Kuna tofauti nyingine ya kihistoria. Mwana Kupona alitunga kwa lahaja ya kaskazini, kwa hati za Kiarabu, kwa wasikilizaji wa mji wake. Shaaban Robert aliandika baada ya 1930, mwaka ambao Kamati ya Lugha iliyokuwa ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja. Aliandika kwa hati za Kilatini, akawafikia wasomaji wa shule, wengi wao wakiwa watu wa bara ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza. Alikihamisha chombo cha kale kutoka kisiwani hadi darasani. Wapo waliojifunza utenzi kwa mara ya kwanza kutoka kwake, bila ya kujua kwamba walikuwa wakikanyaga ukumbi wa Mwana Kupona.

Mnyororo haukukatikia hapo. Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, ajulikanaye kwa jina la Mau, mwokaji wa mikate na imamu, alitunga Wasiya wa Mabanati. Utungo huo unawaonya wasichana kwa kisa cha binti anayelaghaiwa kwa ahadi za mapenzi kisha akaachwa. Jina lenyewe linatangaza nasaba yake. Lakini Mau hamwelekei binti mmoja aliye mbele yake. Anawaelekea mabinti wa mji mzima, tena katika zama ambazo wageni, fedha na mienendo mipya vilikuwa vinaugusa mji huo kwa namna ambayo wazee hawakuizoea. Wasia wa nyumbani umekuwa wasia wa umma. Tungo zake zilienea kwa kanda za sauti na, katika miaka ya karibuni, kwa simu za mkononi, jambo linaloonyesha kwamba utendi haukuwahi kuisahau njia ya sikio.

Muyaka ndani ya seli

Mfano wa pili unahusu dhiki ya aina nyingine. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa 1946. Alilelewa na mzee Ahmad Basheikh bin Hussein, mtunzi na mjuzi wa tungo za kale, na ndugu yake, Ahmad Nassir, naye ni malenga mwenye jina. Katika malezi hayo ushairi wa Muyaka bin Haji haukuwa somo. Ulikuwa sehemu ya hewa ya nyumba.

Muyaka aliishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, wakati Wamazrui walipokuwa wakishindana na Sayyid Said, hadi utawala wao ulipoanguka 1837. Mara nyingi husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo ina chumvi kidogo, lakini inaelekea kwenye ukweli: katika mashairi yake zimo siasa, njaa, mapenzi, dhihaka, mafumbo na majibizano. Kwamba yamebaki hadi leo ni kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na W. E. Taylor kuyakusanya, kisha ya Hichens aliyeyachapisha 1940, na ya Mohamed Hassan Abdulaziz aliyeyachunguza kwa kina katika kitabu cha 1979.

Mwaka 1968 Abdilatif aliandika waraka wa kuuliza Kenya inaelekea wapi. Akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na 1969 akaanza kutumikia kifungo ambacho sehemu yake kubwa kilikuwa cha upweke. Alitoka 1972. Utenzi wake wa Maisha ya Adamu na Hawaa, alioutunga kabla ya hapo, ulichapishwa 1971 mwenyewe akiwa bado gerezani. Mashairi aliyoyatunga humo, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yalitolewa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mfungwa wa upweke hana maktaba. Alichonacho ni kile kilichokwisha kuhifadhiwa kichwani. Sauti ya Dhiki ni ushahidi wa kile kilichokuwamo katika kichwa cha kijana huyu. Mashairi yametungwa kwa lahaja ya Kimvita, lahaja ya Muyaka, wala si kwa Kiswahili cha shule. Mishororo imepimwa kwa mizani ileile. Ukali unafunikwa kwa mafumbo: jipu linaloiva, njia yenye utelezi, mnazi unaogombewa na wawili. Majibizano, ambayo kwa Muyaka yalikuwa baina ya washairi wa miji inayohasimiana, yanageuka kuwa mjadala baina ya mwenye haki na mwenye nguvu.

Jambo ambalo Abdilatif alilipata kwa Muyaka halikuwa mapambo. Lilikuwa ithibati kwamba shairi la mishororo minne linaweza kuwaambia watawala jambo zito na msemaji akabaki amesimama. Katika seli, ithibati hiyo ni faraja ya hali ya juu kuliko maneno yoyote ya kubembeleza. Humwambia mfungwa kwamba hayuko peke yake. Mtu mwingine wa mji wake, mwenye ulimi kama wake, amekwisha kupita njia hiyo. Wakati huohuo, Muyaka hakumpa Abdilatif maneno ya kusema. Muyaka aliusemea mji wake katika ushindani wa nasaba mbili za kutawala. Abdilatif alisema kama raia wa dola huru anayedai ahadi za uhuru. Pengo hilo la zaidi ya miaka mia moja ndilo lililomlazimisha kubuni. Kadiri umbo lilivyobaki vilevile, ndivyo ugeni wa jambo lenyewe ulivyozidi kuonekana.

Pingamizi: je, marejeo ni kifungo?

Katika miaka ya 1970 palizuka mgogoro mkubwa juu ya ushairi wa Kiswahili. Upande mmoja ulishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha 1954 juu ya sheria za kutunga kilikuwa ngao yao. Upande wa pili, ukiongozwa na Euphrase Kezilahabi aliyetoa diwani ya Kichomi 1974, na baadaye M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, ulidai kwamba kanuni hizo ni za sehemu moja ya desturi na kwamba zinaweza kuifunga fikra. Kwa mtazamo wa upande huo, kurejea tungo za kale kunaweza kuwa njia ya kujificha.

Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake na halifai kupuuzwa. Yapo mashairi mengi ambayo yametimiza vina na mizani bila ya kuwa na lolote la kusema. Mtunzi wa namna hiyo amerejea umbo bila ya kuleta jambo lake, hivyo hapana tofauti yoyote ya kuzaa ubunifu. Kinachobaki ni mazoea matupu.

Hata hivyo, mgogoro huo unaposomwa leo huonekana kwamba ulikuwa juu ya swali la nani alilelewa na nini. Kezilahabi alizaliwa 1944 kisiwani Ukerewe, mbali na vyuo vya Lamu na baraza za Mombasa. Kumtaka arejee Muyaka kama nyumbani kwake kulikuwa kumtaka arejee nyumba ya jirani. Alipoandika Nagona, iliyotoka 1990, na Mzingile, iliyotoka 1991, alichota kwenye visasili, ngano na mafumbo ya simulizi za jadi. Hayo nayo ni marejeo. Hitilafu baina yake na wanamapokeo ilikuwa juu ya mahali pa kurejea, si juu ya haja ya kurejea. Kwa hiyo kanuni inayopendekezwa hapa haiwalazimishi watunzi wote kuelekea pwani. Inasema tu kwamba kila mtunzi huchota kisima alichofunuliwa mapema, na kwamba asiye na kisima hutunga kwa maji ya kuazima.

Sharti lililo hatarini

Mifano yote iliyotajwa inategemea jambo moja: utungo uliingia kwa mtu mzima mzima, kwa sauti, mapema, tena bila ya haraka. Ufundishaji wa ushairi katika shule nyingi hauendi hivyo. Mwanafunzi hukutana na beti chache zilizokatwa kutoka katika utungo mrefu. Huulizwa ataje bahari, ahesabu mizani, aonyeshe vina vya kati na vya mwisho, ataje dhamira mbili. Mtihani ukiisha, beti hizo huondoka pamoja nao. Ameujua ushairi kama fundi anavyoijua mashine aliyoifungua, lakini hakuna kilichobaki ndani yake ambacho siku ya msiba kinaweza kumjia chenyewe.

Hasara hiyo si ya washairi tu. Mtu asiye mtunzi naye hufiwa, huugua, huhamishwa na huonewa. Jamii ambayo watu wake hawana tungo za pamoja za kurejea huacha kila mmoja atafute maneno yake wakati ambao maneno ni adimu zaidi. Hasara ya pili ni ya taaluma. Msomi asiyemjua Mwana Kupona kwa sikio ataisoma Hati kama waadhi wa baba mkali. Msomi asiyemjua Muyaka ataiona Sauti ya Dhiki kuwa na mafumbo magumu tu. Hatasikia sauti ya pili, na kwa hiyo hatajua ni kitu gani kilichobuniwa.

Yapo mambo ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila ya gharama kubwa. Mwanafunzi wa shahada anaweza kutakiwa kuuhifadhi na kuughani utenzi mmoja mzima, si sehemu yake, na tathmini ya kughani huko ikahesabiwa sawasawa na ya insha. Rekodi za waghani wa Lamu, Mombasa, Zanzibar na Tanga zinaweza kusikilizwa kabla ya maandishi kufunguliwa, ili sikio litangulie jicho kama lilivyokuwa likitangulia zamani. Wanafunzi wa bara wanaweza kuombwa kuleta darasani nyimbo na masimulizi yaliyowalea katika lugha zao, na kutunga kwa Kiswahili kutoka humo. Na zoezi la kutunga kwa kufuatisha, ambalo wengine hulidharau kuwa ni kuiga, linaweza kurudishwa heshima yake: mwanafunzi apewe hali ya usemaji ya utungo wa kale, kisha atakiwe kuitilia jambo ambalo mtunzi wa kwanza hakulijua.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa hapa inaonyesha kwamba marejeo hayamrudishi mtunzi katika zama za kale. Mjane wa Pate, karani wa Tanga, mfungwa wa Mombasa na mwokaji mikate wa Lamu walisimama kila mmoja katika wakati wake, na kila mmoja alisema jambo lililohitajiwa na wakati huo. Kilichowaunganisha ni kwamba hawakuanza na mikono mitupu. Utungo waliourejea uliwatuliza kwanza, kwa sababu mwendo wake waliujua. Kisha ukawasumbua, kwa sababu haukuwa na maneno ya shida yao hasa. Walitunga katika nafasi baina ya utulivu ule na usumbufu huu.

Wajibu wa wasomi wa Kiswahili, kwa hiyo, hauishii katika kuzihifadhi tungo za kale kwenye makabati na machapisho, ingawa kazi ya Kijuma, Mwalimu Sikujua na wahariri waliowafuata ilikuwa ya lazima. Miswada huhifadhi maneno. Kinachomwezesha mtu kurejea ni utungo uliokwisha kukaa katika sikio la mtoto, na utungo huo hauwezi kuwekwa humo na mwingine ila aliye hai, anayeujua, na aliye tayari kuughani mbele yake.